Kunguru wa India na Hadhari kwa Miji ya Bara

Kunguru wa India, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Corvus splendens na ambaye wakazi wa Mombasa humwita kurabu, amekuwa kwa zaidi ya karne moja adui mkubwa wa ndege wenyeji katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki. Habari zake kwa kawaida huandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, ambako madhara yake yanaonekana kila asubuhi juu ya paa na majalala. Makala haya yanamtazama ndege huyo kutoka upande mwingine, yaani kutoka kata ya Misunkumilo katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, zaidi ya kilomita 800 kutoka baharini, kwa sababu historia yake inaonyesha kwamba mji unaofaidika zaidi na maarifa haya ni ule ambao bado unaweza kuwahesabu kunguru hao kwa vidole, au ambao bado haujawaona kabisa.

Kabla ya kuingia katika historia hiyo, inafaa kueleza maana ya spishi vamizi, kwa kuwa watu wengi huchanganya ugeni na uvamizi. Spishi ni aina moja ya kiumbe ambacho wenziwe wa aina hiyo huzaliana kwa kawaida, na spishi ngeni ni ile iliyofikishwa na binadamu, kwa kusudi au kwa bahati, mahali ambapo isingefika kwa nguvu zake yenyewe. Mahindi yanayolimwa Mpanda asili yake ni Amerika na mwembe asili yake ni Asia, lakini hakuna anayeyaita mazao hayo mavamizi, kwa maana hayaenei yenyewe na kuwaangamiza wenyeji wa msituni. Spishi vamizi ni ile ngeni ambayo, baada ya kufika, huzaliana bila ya kizuizi, huenea bila ya kusaidiwa, na huwapokonya viumbe wenyeji chakula, makazi au uhai wenyewe. Kunguru wa India anatimiza masharti yote hayo.

Ndege huyu ni mwembamba, mwenye urefu wa sentimita zipatazo 40 tangu ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, na alama yake ya kumtambulisha ni rangi ya kijivu inayozunguka shingo, kisogo na kifua, wakati uso, koo, mabawa na mkia ni vyeusi vyenye kung'aa. Hapaswi kuchanganywa na kunguru mwenyeji anayejulikana tangu zamani katika sehemu kubwa ya bara, ambaye ni mkubwa zaidi, mweusi kichwani na mabawani, na mwenye kifua cheupe pe na ukosi mweupe mgongoni kama aliyevaa fulana. Tofauti hiyo ya kijivu na nyeupe ni jambo zito, kwa kuwa kunguru mwenye kifua cheupe ni sehemu ya maumbile ya Afrika na ni miongoni mwa walioumizwa na mgeni: katika miji mingi ya pwani amefukuzwa na makundi ya kunguru wa India hadi akawa adimu mahali alipokuwa wa kawaida. Yeyote atakayemuua kunguru mwenye kifua cheupe kwa kudhani kwamba anapambana na uvamizi atakuwa amemsaidia mvamizi.

Kunguru wa India alifika Zanzibar katika miaka ya 1890, wakati visiwa hivyo vilipokuwa vimekwisha kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Aliletwa kwa makusudi kutoka Bara Hindi, akiwa ndege wachache tu, ili asaidie kusafisha taka katika mitaa ya Mji Mkongwe, ambako mabaki ya chakula na mizoga yalikuwa yakiozea hadharani. Wazo hilo halikuwa la ajabu kwa watu wa zama zile, kwani miaka hiyohiyo kunguru huyu alipelekwa Malaya ili ale viwavi waliokuwa wakishambulia mikahawa, na mwaka 1890 ndege wa Ulaya wa jamii ya kwezi waliachiliwa katika bustani ya New York, ambao wazao wao waliijaza Marekani yote. Elimu ya kutosha juu ya matokeo ya kuhamisha viumbe haikuwepo, na ndege aliyekuwa mfagizi mzuri Bombay alidhaniwa kuwa angebaki mfagizi popote atakapopelekwa. Kufikia mwaka 1917, serikali ya Zanzibar ilikuwa imekwisha kumtangaza kuwa ndege mharibifu na kutoa zawadi kwa waliomuua. Muda uliopita kati ya kumkaribisha na kumtangazia vita haukuzidi miaka 30, na katika muda huo mfupi nafasi ya kumwondoa kwa urahisi ilikuwa imekwisha kupotea.

Kutoka Zanzibar, na pengine pia kwa kudandia meli zilizotoka bandari nyingine za Bahari ya Hindi, kunguru alivuka hadi bara. Mombasa alionekana mwaka 1947, na baadaye akaenea pwani yote ya Kenya na Tanzania, kisha akaanza kupanda barani kwa kufuata njia kuu. Kwa upande wa Kenya aliifuata barabara na reli ya kwenda Nairobi, akajikita Voi na kusogea hadi Mtito Andei, na kwa upande wa Tanzania alifika Morogoro. Katika safari hizo hakupita porini kama wafanyavyo ndege wa kuhama. Alikwenda kituo kwa kituo, kwa sababu mahali ambapo mabasi na malori husimama pana mama lishe, pana mabucha, pana makombo, na kwa kunguru wa India makombo ndiyo nchi. Wataalamu hawajapata kundi la ndege hawa linaloishi mbali na binadamu. Sifa hiyo ndiyo nguvu yake kubwa, na kama itakavyoonekana, ndiyo udhaifu wake pia.

Uwezo wake wa kuongezeka unatokana na mambo kadhaa yanayosaidiana. Jike hutaga mayai kati ya matatu na matano kwa kawaida, huyaatamia kwa muda wa siku 16 au 17, na makinda huruka baada ya majuma matatu au manne. Kiota hujengwa kwa vijiti, na mjini kwa vipande vya waya, juu ya mwembe, mwarobaini au hata nguzo ya umeme. Chakula chake ni karibu kila kitu: nafaka, matunda, nyama, samaki, wadudu, mijusi, mayai na makinda ya ndege wengine. Huko kwao Asia yupo ndege aitwaye koeli, ambaye hutaga mayai yake ndani ya kiota cha kunguru ili kunguru amlelee makinda, na kwa njia hiyo hupunguza idadi ya makinda ya kunguru wenyewe. Afrika koeli hayupo. Mgeni alivuka bahari, na aliyekuwa akimdhibiti akabaki ng'ambo.

Madhara yake kwa ndege wenyeji ni ya namna mbili, na zote mbili huendelea kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ulaji wa moja kwa moja, yaani kula mayai na makinda, kazi ambayo kunguru huifanya kwa ushirikiano, mmoja akimchokoza mzazi hadi aondoke kiotani na mwenziwe akiingia kuchukua. Walioathirika sana pwani ni mnana, ndege wa manjano wanaosuka viota vya kuning'inia, kwa kuwa koloni lao moja lina makumi ya viota mahali pamoja, na kunguru akishaligundua hulirudia kila siku mpaka limalizike. Kiota cha mnana kimesukwa kwa ustadi wa kumzuia nyoka, na mlango wake huelekea chini, lakini ustadi huo hausaidii kitu mbele ya mdomo wenye nguvu unaokichana kiota ubavuni. Shore, chozi, hua na mbayuwayu nao hupoteza makinda yao kwa njia kama hiyo. Madhara ya namna ya pili ni ya kufukuza: kunguru hukusanyika na kumwandama mwewe, kipanga, bundi au ndege yeyote mkubwa hadi ahame, na kelele za makundi yanayolala pamoja kwenye miti michache huwaacha ndege wadogo bila ya mahali pa utulivu. Matokeo yake ni mji uliojaa ndege kwa idadi lakini maskini kwa aina, ambamo mtoto anaweza kukua akidhani kwamba ndege ni kunguru tu.

Hasara kwa binadamu nazo ni nyingi, ingawa si ndizo zinazostahili kuwa sababu kuu ya kumhofu. Kunguru hunyakua vifaranga vya kuku wa kienyeji mchana kweupe, hufukua mahindi yanayoota, hudonoa matunda, na hushuka kwenye meza za wauza samaki na nyama. Kwa kuwa hutoka jalalani na machinjioni kisha akatua penye chakula au maji ya watu, anaweza kubeba vimelea vya maradhi ya kuharisha, na katika ufugaji anashukiwa kusaidia kusambaza kideri, ugonjwa ambao wafugaji wa kuku wanaufahamu kwa uchungu. Hata hivyo, taka hazikuzalishwa na kunguru. Mji unaomlaumu kunguru huku ukiacha makombo, utumbo na mizoga wazi unamlisha kwa mkono mmoja na kumfukuza kwa mwingine.

Juhudi za kumwondoa zimekuwa nyingi, na zimefundisha kwa gharama kubwa. Kati ya mwaka 1990 na 1995 Zanzibar iliendesha kampeni iliyoua makumi ya maelfu ya kunguru, na katika Mji Mkongwe idadi yao ilishuka sana hivi kwamba ndege wadogo walianza kurejea mitaani. Kampeni ilipokwisha, waliosalia walizaliana, na wengine wakaingia kutoka nje, mpaka hali ikarudi kama ilivyokuwa. Kuua sehemu kubwa ya kunguru bila ya kuwamaliza ni kuwapa waliobaki chakula kingi na nafasi pana ya kuzaa, kwa hiyo fedha iliyotumika bila ya mpango wa kuendelea huwa imetumika kununua miaka michache tu ya nafuu.

Huko Dar es Salaam, Chama cha Uhifadhi wa Wanyamapori Tanzania, kijulikanacho kwa kifupi kama WCST, kilishirikiana na serikali kuanzia mwaka 2010 katika mpango mkubwa wa kuwapunguza, uliotumia mitego pamoja na sumu, na idadi ya kunguru waliouawa katika miaka michache ilitajwa kuwa zaidi ya milioni moja. Mitego hiyo ni vizimba vikubwa vya wavu ambamo kunguru mmoja au wawili hai huwekwa pamoja na chakula na maji, na wenzao, ambao hawawezi kuona karamu wakajizuia, huingia kwa tundu la juu na kushindwa kutoka. Sumu iliyotumika ilibuniwa Marekani kwa ajili ya ndege wa jamii ya kwezi waliotajwa hapo juu, na huitwa Starlicide. Hutiwa katika vipande vya nyama, huharibu figo za ndege aliyeila, na humuua baada ya saa kadhaa. Kwa kuwa huvunjwavunjwa mwilini kabla ndege hajafa, hatari yake kwa mnyama atakayekula mzoga ni ndogo kuliko ya sumu nyingine. Hata hivyo si dawa ya kupewa mtu yeyote: hutumiwa na waliofunzwa tu, ambao kwanza huwazoesha kunguru kwa nyama isiyo na kitu kwa siku kadhaa na kuhakikisha kwamba hakuna ndege mwenyeji anayekuja kula hapo. Mwananchi anayetega nyama yenye sumu ya panya au ya kilimo anaua mbwa, tai na mwewe kwanza, na kunguru, ambaye ni mwerevu kupita wote hao, huwaona wenziwe wakifa na kupahama mahali hapo.

Kenya ilitangaza mwaka 2024, kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la nchi hiyo, mpango wa kuwaua kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Idadi hiyo inapaswa kusomwa pamoja na ile ya mwanzo, yaani kunguru wachache walioshushwa Zanzibar miaka 130 iliyotangulia. Mataifa yaliyofaulu kumwondoa kabisa ni yale yaliyoanza mapema. Katika kisiwa cha Sokotra, nchini Yemeni, ambako kundi dogo lilifika katika miaka ya 1990, watoto walilipwa kwa kukusanya makinda kutoka viotani, idadi ikazuiwa isikue, na mwaka 2009 ndege wa mwisho wakaondolewa. Uholanzi, ndege wawili walishuka kutoka melini huko Hoek van Holland mwaka 1994, wakaanza kuzaa mwaka 1997, na ingawa hawakuwa wamezidi makumi machache, serikali iliamua waondolewe wote, uamuzi ambao baadhi ya raia waliupinga hadi mahakamani. Aliyesoma historia ya Zanzibar hawezi kushangaa kwamba nchi yenye baridi na utajiri iliogopa kunguru thelathini.

Hapa ndipo Mpanda inapoingia. Mji huu ulikuzwa na mgodi wa madini ya risasi wa Mukwamba, ambao kwa ajili yake ilijengwa, mwishoni mwa miaka ya 1940, reli ya tawi yenye urefu wa kilomita zipatazo 210 kutoka Kaliua, inapochepuka kutoka njia ya Tabora na Kigoma. Mgodi ulifungwa lakini reli ikabaki, na sasa ipo pia barabara ya lami kutoka Tabora kupitia Sikonge. Tangu Katavi ilipofanywa mkoa mwaka 2012, Mpanda imepata ofisi, masoko, stendi na wakazi wapya, na kata kama Misunkumilo zinaendelea kujengwa. Hayo ni maendeleo ambayo hakuna mwenye haki ya kuyasikitikia. Lakini ni maendeleo hayohayo, yaani njia iliyonyooka hadi pwani, vituo vya chakula njiani, na mji unaokua kwa kasi kuliko mpango wake wa taka, yaliyompandisha kunguru kutoka Mombasa hadi Mtito Andei.

Walio hatarini mkoani Katavi wanahitaji kutajwa kwa usahihi, kwa sababu kutia chumvi hakumsaidii ndege yeyote. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, haitavamiwa na kunguru wa India katikati ya miombo yake wala katika nyanda za ziwa Chada, kwa kuwa huko hakuna watu wa kumlisha. Hatari iko pembezoni: katika vijiji kama Sitalike, kilicho langoni mwa hifadhi, katika kambi za wageni, na katika mabonde ya maji yanayopita karibu na makazi. Kusini-magharibi mwa Tanzania, katika vinamasi vya Katavi na bonde la Rukwa, anaishi mnana mmoja ambaye nje ya eneo hilo hupatikana sehemu ndogo tu ya Zambia. Wanasayansi humwita Ploceus reichardi, kwa kumbukumbu ya Mjerumani Paul Reichard aliyesafiri katika nchi hizi miaka ya 1880. Ndege mwenye makazi finyu namna hiyo, anayejenga viota kwa makoloni kando ya maji, hana pengine pa kukimbilia ikiwa mabonde yaliyo karibu na miji na vijiji yatatawaliwa na mwindaji wa mayai.

Mkulima wa mpunga anayeamka alfajiri na wanawe kwenda kuamia ndege anaweza kuuliza kwa haki kwa nini amsikitikie mnana. Hoja yake ina uzito, na jibu lake si la kumkemea. Maadui wakubwa wa nafaka ni kweleakwelea, ambao huja kwa makundi ya malaki na ambao kunguru wa mjini hawezi kuwapunguza, wakati wale wanaoliwa na kunguru ni pamoja na mbayuwayu anayekamata mbu na nzi, chozi anayechavusha maua, na shore anayesambaza mbegu za miti ya matunda ya porini. Zaidi ya hayo, kunguru mwenyewe hula mbegu iliyopandwa na kifaranga kilichoanguliwa. Kumpata badala ya mnana ni kubadilisha hasara ya msimu kwa hasara ya mwaka mzima.

Kazi iliyopo mbele ya Misunkumilo kwa hiyo si ya sumu wala ya mitego. Ni kazi ya macho na ya usafi. Taka za sokoni, za mabucha na za machinjio zifunikwe au zifukiwe siku ileile, vizimba vya taka viwe na vifuniko, na wauza chakula wa stendi na wa kituo cha reli wapatiwe mahali pa kutupia makombo, jambo ambalo lingefaa hata kama kunguru asingekuwepo duniani. Shuleni, watoto wafundishwe kutofautisha kifua cheupe na shingo ya kijivu, kwa kuwa watoto ndio wanaotazama juu kuliko watu wazima. Na mtu yeyote atakayeona kunguru mwembamba mwenye shingo ya kijivu katika kata hii, au popote kati ya Kaliua na Mpanda, asimrushie jiwe na asimtegee chochote: aandike siku na mahali, apige picha akiweza, na kumpelekea habari afisa wanyamapori wa halmashauri yake siku hiyohiyo, kabla ndege huyo hajapata mwenzi na mti wa kujengea kiota.